Roketi, Yai na Mtamba Mmoja

Sogeeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikianza sitaki kukatizwa.

Kijijini Mwagindu, kwenye mbuga za udongo mweusi wanakolima pamba, walikuwapo watoto watatu, na kila mmoja alikuwa na lake.

Wa kwanza aliitwa Sayi. Msichana wa miaka saba, darasa la pili, mfupi kuliko fimbo ya kuchungia. Sayi alikuwa na macho. Ukitundika kalenda ukutani ikapinda unene wa ukucha, Sayi ataiona akiwa bado mlangoni, na hatatulia mpaka uinyooshe. Bibi Ngolo, bibi yake aliyemlea, alikuwa akilalamika kwamba mjukuu huyo amemfanya apange upya mafiga ya jiko mara nne.

Wa pili aliitwa Luhende. Mvulana wa miaka kumi, darasa la nne, mtoto wa fundi cherehani. Luhende alikuwa na mikono. Alijua kupiga pindo kabla hajajua kuandika jina lake, na walimu wa shule ile wakikatikiwa na kifungo hawakwenda sokoni. Walimwita Luhende wakati wa mapumziko.

Wa tatu aliitwa Mbuke. Msichana wa miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Huyu alikuwa na kichwa kisichochemka. Siku nyoka alipoingia darasani, watoto walitokea madirishani na mwalimu wa zamu akapanda juu ya meza. Mbuke alifunga daftari lake, akaenda kufungua mlango wa nyuma ukawa wazi kabisa, akasimama pembeni akimsubiri nyoka atoke. Nyoka akatoka.

Aliyewakutanisha watoto hawa alikuwa mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Nkwimba, na hasa ni yeye aliyekutwa na haya ninayoyasimulia.

Nkwimba mwenyewe alipokuwa na miaka minane, mgeni alileta darubini shuleni kwao. Aliponyoosha mkono aiguse, akapigwa kofi mkononi na kuambiwa, "Hiki si cha umri wako." Akauliza, "Cha umri wangu ni kipi?" Hakuna aliyemjibu. Darubini ikarudishwa kwenye sanduku, mgeni akaondoka nayo. Nkwimba alikua na swali lile kama mwiba uliovunjikia kwenye unyayo, na alipokuwa mwalimu akaapa kwamba hatamwambia mtoto "bado" bila kumpa cha kufanya leo.

Basi, aliporudi kutoka kwenye mafunzo ya walimu wa sayansi, alirudi na boksi moja. Ndani mlikuwa na roketi ya karatasi ngumu, urefu wa mkono wa mtu mzima, yenye mapezi matatu ya mbao nyepesi mkiani. Mlikuwa pia na injini tatu, kila moja ukubwa wa betri ya tochi, zenye baruti iliyoshindiliwa kiwandani. Injini ya namna hiyo ikishatumika mara moja imekwisha. Roketi ikirushwa hupanda juu, hufika kileleni, halafu injini hutoa pumzi ya mwisho ya moto inayosukuma kichwa cha roketi na kutoa parachuti. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Mwalimu Nkwimba akaanzisha klabu, na siku ya kwanza akaandika sheria ubaoni.

Wa miaka sita mpaka minane, roketi za karatasi. Unakunja karatasi kwenye mrija wa soda, unabandika mapezi, unapuliza kwa mdomo. Wa miaka tisa mpaka kumi na moja, roketi za chupa: maji ndani, pampu ya baiskeli, miwani usoni, mtu mzima kando. Kuanzia miaka kumi na miwili, roketi ya injini, kwa betri na waya mrefu, na ufunguo wa kuwashia unaning'inia shingoni kwa mwalimu. Hakuna kiberiti. Hakuna bomba la chuma. Hakuna mtoto wa kugusa baruti. Wote wanasimama nyuma ya kamba.

"Na hakuna kuruka ngazi," alisema.

Sayi akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi naweza kubonyeza kitufe."

"Najua unaweza. Una miaka mingapi?"

"Saba. Lakini saba kubwa."

"Basi nitengenezee roketi arobaini za karatasi, kila moja na mapezi yake. Kisha uniambie ipi inaruka vizuri na kwa nini."

Sayi alinuna kutwa nzima. Kesho yake akaanza. Hakuishia arobaini, alifika sitini na mbili, na kila moja aliipuliza kuelekea ubaoni akitazama inavyokwenda.

Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri, watu wachache wakaliona. La pili, siku ya Jumanne mbele ya wazazi, wakaweka yai bichi tumboni mwa roketi ili kuonyesha kwamba litarudi salama. Roketi ikapanda mpaka ikawa nukta. Kichwa kikafunguka. Lakini parachuti, ile ya plastiki iliyokuja kwenye boksi, ilikuwa imekutana na ule moto wa ndani ikayeyuka na kugandana kama mfuko uliotupwa jikoni. Roketi ikashuka kama jiwe, ikajichoma kwenye udongo hatua thelathini kutoka kwenye lundo la pamba la Mzee Lugwisha.

Mzee Lugwisha alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule na mwenye pamba nyingi kuliko wote pale kijijini. Akaenda, akachovya kidole kwenye uteute wa yai, akarudi nacho akakiinua watu wote wakione.

"Mwalimu," alisema, "leo ni yai. Kesho ni jicho la mtoto. Keshokutwa ni pamba yangu."

Akaitisha mkutano siku hiyohiyo, chini ya paa la darasa la tano. Hakuwa mtu mbaya Mzee Lugwisha, msinielewe vibaya. Mwaka uliotangulia, mtoto wa ndugu yake, kijana wa miaka kumi na minne, alijaza vichwa vya viberiti kwenye bomba la chuma akijifanya anatengeneza roketi. Bomba lilipasuka. Kijana alibaki na vidole viwili mkono wa kulia. Mzee ndiye aliyembeba mpaka zahanati, na tangu siku hiyo mlio wowote wa ghafla ulimfanya ashike kifua.

"Klabu hii ifungwe," alisema. "Roketi ni mambo ya wakubwa huko walikosoma. Watoto wa Mwagindu washike madaftari."

Watu wakaguna kukubali. Mwalimu Nkwimba alihisi masikio yake yanawaka. Alisimama bila kuombwa.

"Mzee, shikamoo. Naomba nikuulize. Yule kijana, alifundishwa na nani?"

"Hakufundishwa na mtu. Alijifundisha mwenyewe, vichakani."

"Kwa nini vichakani?"

Mzee akatazama vidole vya mkono wake wa kulia, na mwalimu akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu kila alipouliza aliambiwa hiyo si ya umri wako, nenda zako. Akaenda zake. Akaenda na kiberiti. Mzee, ukifunga klabu yangu hujafunga roketi. Umefunga kamba wanayosimama nyuma yake. Umefunga miwani, umefunga ufunguo ulio shingoni mwangu. Roketi zitabaki, ila zitakuwa huko vichakani. Mimi sifungi."

"Hufungi?" Mzee alisimama naye. "Unaijibu kamati hivyo?"

"Naijibu hivyo. Kamati ina haki ya kuniandikia barua. Iandike. Lakini kufunga kwa mkono wangu, sifungi."

Mwalimu Nkwimba alinyoosha gauni lake, akabaki amesimama. Mzee Lugwisha alimtazama, akawatazama watu, na akaona kwamba wanangoja yeye. Akacheka kicheko kikavu.

"Haya. Umebakiwa na injini ngapi?"

"Moja."

"Jumamosi, saa tatu asubuhi, irushe. Yai nitaleta mimi, la kuku wangu, nisije nikaletewa yai la kanga lenye ganda kama jiwe. Likivunjika, unafunga klabu kwa mkono wako huohuo. Likirudi zima, mimi nafunga mdomo. Na zaidi ya hapo," aligeuka kwa watu, maana alikwisha kunogewa, "nina mtamba wa madoadoa, mnamjua. Nampa mtoto atakayelirudisha yai hilo zima. Mtoto mmoja! Sigawi ng'ombe kwa klabu."

Watu wakapiga makofi. Kwa watu wa Mwagindu, mtamba si mnyama tu. Mtoto anayepewa mtamba anaitwa kwa jina la ng'ombe wake, na ndama wote watakaozaliwa ni wake.

Hapo sasa kila mtoto akafanya lake.

Luhende alianza. Jumatano asubuhi alikuja kwa mwalimu na ile parachuti iliyoyeyuka. "Mwalimu, hii hata ikiwa mpya itayeyuka vilevile. Plastiki na moto havikai nyumba moja. Niache nishone nyingine." Mwalimu alimwambia hana kitambaa chepesi kiasi hicho. Luhende akaondoka mbio. Alikwenda nyumbani, akachukua mwavuli wa mama yake, ule mweusi wa kwendea kanisani, akauchana mshono kwa mshono akaacha mbavu tupu. Mama yake alipoziona zile mbavu alimshika sikio, na Luhende akasema, sikio likiwa bado mkononi mwa mama: "Nipige, lakini usikirudishe kitambaa. Nishakata." Alishona pindo kuzunguka, akafunga kamba nane, kila moja akiipima kwa ile iliyotangulia, akakata tundu dogo katikati ili hewa ipite parachuti isiyumbe. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi ya maelekezo. Alikusanya majani mabichi ya viazi vitamu, akayafuta maji, akayapanga tumboni mwa roketi kati ya mahali pa injini na kitambaa. "Mama akiivisha viazi huvifunika kwa majani haya," alisema, "na yanabaki kijani wakati moto uko chini." Mwalimu Nkwimba alisoma maelekezo yale mara tatu, akayakunja, akayaweka mfukoni. Yalitaka kitu kisichoshika moto kirahisi bila kutaja ni kipi, na majani yalikuwa kitu hicho.

Jumamosi ikafika. Kijiji kizima kilikuja, na walikuja pia watu wa vijiji jirani waliosikia habari za mtamba. Mzee Lugwisha alimfunga pembeni, shingoni kamba mpya ya katani. Mabua ya pamba yalikwisha kung'olewa na kuchomwa, mbuga ilikuwa tupu na nyeusi mpaka macho yanapochoka. Roketi ilisimama katikati kwenye waya wake mnene wa kuelekezea, uliochomekwa wima udongoni. Yai likaingia. Kamba ya usalama ikavutwa, watu wakasukumwa nyuma yake.

Sayi naye alisimama nyuma ya kamba pamoja na wadogo wenzake, hatua arobaini kutoka kwenye roketi. Mwalimu Nkwimba alipokuwa anarudi kutoka kuunganisha waya wa betri, alimsikia anaita.

"Mwalimu, imepinda."

"Nini kimepinda?"

"Pezi. Lile la huku."

Mwalimu aligeuka akatazama, hakuona kitu. Mbuke akatazama, hakuona kitu. Mzee Lugwisha akasema kwa sauti, "Sasa tunasimamishwa na mtoto wa darasa la pili? Saa tatu imepita!" Mtu mzima mmoja akamwambia Sayi anyamaze. Basi Sayi, badala ya kunyamaza, alikaa chini vumbini, akafumbata mikono, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: "Imepinda! Nilitengeneza sitini na mbili! Yenye pezi la hivyo haiendi juu, inazunguka inarudi chini! Naijua! Hamtaki kuangalia kwa sababu mimi mdogo!"

Hakuvuka kamba. Hilo mlikumbuke. Mguu wake hata mmoja haukuvuka.

Maneno yale ya mwisho yalimwingia Mwalimu Nkwimba mahali anapopajua mwenyewe. Akachomoa waya wa betri, akarudi mpaka kwenye roketi, akapiga magoti, akapitisha kidole mkiani. Pezi la upande wa magharibi lilicheza. Lilikuwa limepasuka shinani, labda roketi ilipoanguka Jumanne au njiani ilipobebwa kwa baiskeli, na lilikuwa limeegemea upande kwa unene wa ukucha. Wangeirusha roketi hivyo, pezi lingeng'oka hewani. Alilibandika upya kwa gundi, akaanza kulipepea kwa daftari mpaka likauke, na watu wakisubiri juani. Alipomaliza alimtazama Sayi kutoka kule mbali, naye Sayi akafumba jicho moja, akapima, akatikisa kichwa: sogeza kidogo. Mwalimu akasogeza. Sayi akainua kidole gumba.

Kisha ikawa zamu ya Mbuke. Mwalimu aliunganisha tena waya, akavua ufunguo shingoni, akauingiza kwenye kisanduku cha betri chenye kitufe, taa nyekundu ikawaka. Mbuke akaweka kidole juu ya kitufe. Umati ukaanza kuhesabu kurudi nyuma, watoto na wakubwa, na wapo waliokuwa hawajahesabu kitu pamoja maishani mwao.

"Tano! Nne! Tatu! Mbili!"

Mbuke aliondoa kidole, akachomoa ufunguo, taa ikazimika.

"Sibonyezi," alisema.

Mwanzoni watu hawakuelewa. Kisha wakaanza kuzomea. "Ameogopa! Msichana ameogopa!" Mzee Lugwisha akaja mpaka mbele yake. "Wewe, bonyeza. Usipobonyeza sasa, nahesabu mmeshindwa."

Mbuke alikuwa anatazama mbali, magharibi, ambako vumbi lilikuwa limeinuka kidogo, jembamba kama moshi wa sigara.

"Mzee, ukitaka kuhesabu hesabu. Ukitaka kufunga klabu funga. Kuna kisulisuli kinakuja, na mimi sibonyezi."

"Kisulisuli kiko wapi? Kile kijivumbi?"

"Ndiyo, kile."

"Bonyeza!"

"Sibonyezi."

Hata Mwalimu Nkwimba, niseme ukweli, moyo wake ulisema bonyeza, mwanangu, bonyeza yaishe. Mdomo wake ulikwisha kufunguka. Lakini alimwangalia Mbuke usoni, akaufunga.

Kisulisuli hakikukawia. Kilinenepa, kikavuka mbuga kwa mvumo, kikapita palepale roketi iliposimama. Khanga ziliruka, kofia zikaenda, wazee wakajifunika macho. Vumbi lilipotua, waya wa kuelekezea ulikuwa umelala upande, umeelekea kwenye kamba, kwenye kundi la wadogo. Kwa Sayi na wenzake. Kama Mbuke angebonyeza Mzee alipomwamuru, roketi ingekuwa ndiyo kwanza inapanda ikiwa ndani ya ule upepo.

Hakuna aliyezomea tena. Mzee Lugwisha alishika kifua chake, akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Wakasimamisha waya upya. Wakakagua yai, wakakagua pezi, wakatazama magharibi. Mbuke akahesabu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma namba za mahudhurio. Tano. Nne. Tatu. Mbili. Moja.

Roketi ilipiga mluzi mmoja mkali ikaondoka. Ilinyooka. Ilinyooka kama mstari uliochorwa kwa rula, mpaka ikawa nukta, mpaka nukta ikapotea. Halafu, juu kabisa, kama mtu aliyefungua kiganja, likachanua duara jeusi la mwavuli wa kanisani.

Mama yake Luhende ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Ilishuka polepole ikiyumba kidogo, watoto wakikimbia chini yake na walimu wakiwazuia, ikagusa udongo kwa upole. Mzee Lugwisha alikwenda mwenyewe. Alifungua tumbo la roketi, majani ya viazi yakadondoka, yameungua pembeni na kijani katikati. Akatoa yai. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akalitikisa sikioni. Akaomba sahani, akalivunja mbele ya watu ili asije mtu akasema lilichemshwa. Kiini kikakaa katikati ya sahani, cha mviringo na cha njano.

"Zima," alisema. Sauti yake haikuwa ya kushindwa. Alionekana kama aliyetua mzigo. "Klabu ibaki. Mimi nimefunga mdomo. Na mtamba nampa mtoto aliyelirudisha yai. Mwalimu, ni yupi?"

Mwalimu Nkwimba alidhani sehemu ngumu imekwisha. Aliwatazama watoto wake watatu, akitegemea kila mmoja atamsukuma mwenzake mbele kama watoto wenye adabu. Hakuna aliyesukuma.

"Ni wangu," alisema Luhende. "Kila kitu kikienda sawa na parachuti ikakataa, yai ni uji. Jumanne mliona. Mimi ndiye niliyelishusha. Na sikio langu bado linauma."

"Ni wangu," alisema Mbuke. "Mlikuwa mmekwisha kulirusha kwenye upepo, wote, midomo yenu ilikuwa inahesabu. Mtu mmoja tu alikataa. Mlinizomea, nikasimama. Na ninyi wadogo mngekuwa hospitali."

"Ni wangu!" alisema Sayi, naye akasogea mbele kuliko wote. "Ninyi mlikuwa hata hamjui kwamba mmeshaharibikiwa. Lisingefika juu. Parachuti ingefunguka wapi? Na Mbuke angeizuia kwa ajili ya nini wakati ilikuwa mbovu tayari?"

"Wewe bado mdogo, utapata mwingine," mzazi mmoja alimwambia.

Bibi Ngolo akageuka kama aliyeng'atwa. "Mdogo ndiyo nini? Mlimwambia hivyohivyo asubuhi, mkakaribia kupoteza kila kitu. Jicho lake lilikuwa dogo?"

Mzazi mwingine akasema apewe Mbuke kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye aliyebonyeza. Mama Luhende akasema kama ni ukubwa basi apewe Mzee Lugwisha mwenyewe. Mmoja akashauri mtamba auzwe, mwingine akashauri wapige kura, wa tatu akasema awe wa shule. Mzee Lugwisha alikataa yote.

"Nilisema mtoto mmoja, mbele yenu, na ninyi mkapiga makofi. Akiuzwa, sikumtoa ili auzwe. Akipigiwa kura, wingi wa watu haukurusha roketi. Akiwa wa wengi, akiugua nitamwamsha nani? Kwenye zizi langu kila ng'ombe ana mtu mmoja anayejibu akipotea. Mwalimu, ulisimama mbele ya kamati ukasema hufungi. Nilikuheshimu siku ile, sikukwambia tu. Sasa simama tena utaje jina."

Akamfungua mtamba, akaja naye, akamwekea Mwalimu Nkwimba kamba mkononi.

Kamba ya katani ilikuwa inawasha kiganja. Mtamba alipumua mgongoni mwake, pumzi ya moto yenye harufu ya nyasi. Mwalimu aliona kwamba akimtaja Luhende, amewaambia watu kwamba kinachohesabiwa ni kazi ya mkono, ile inayoonekana. Akimtaja Mbuke, amesema kinachohesabiwa ni kuthubutu kukataa wakati wote wanakushangilia ukubali, lakini tena, mtu amlipe mwenzake kwa kutofanya jambo? Na akimtaja Sayi, amemtaja aliyesema maneno machache tu akiwa amekaa vumbini; ila bila maneno hayo wenzake wawili wangekuwa wamejisumbua bure. Kila alipofika kwa mmoja, mwingine alimvuta. Na watoto hawakumsaidia. Walisimama sambamba, mrefu, wa kati na mfupi, videvu juu, macho makavu, wakimtazama kama walivyofundishwa na yeye mwenyewe: bila kuomba radhi kwa kudai kilicho chao.

Alipiga hatua moja mbele, mtamba akamfuata.

Hapo ndipo ninapowaachia. Kamba iko mkononi mwa mwalimu, watoto ni watatu, mtamba ni mmoja, na Mzee Lugwisha hataki kusikia habari ya kugawa. Haya, wewe uliyekaa mbele, nawe wa nyuma unayejifanya unasinzia: ungekuwa ndiye Mwalimu Nkwimba, kamba ungempa nani? Na wale wawili waliobaki, ungewaambia nini usoni?